Mtaa Ulioajiriwa na Marehemu

Tk. Kisu kiligonga sahani ya bati, na majogoo wa Mtaa wa Mbigiri walikuwa bado hawajakohoa. Bi Nambua alikuwa amepiga magoti karibu na kibatari, akikata kidonge cha moyo cha mumewe. Daktari alikuwa ameagiza kimezwe kizima, na aliagiza kwa upole, akimshika mgonjwa bega. Lakini kidonge kizima huisha upesi kuliko nusu, na kulijua hilo hakuhitaji udaktari.

"Umekata sawasawa?" aliuliza Mzee Senkoro kutoka kitandani.

"Nusu moja imezidi kidogo. Hiyo ndiyo yako ya leo."

"Na iliyopungua?"

"Yako pia. Ya kesho."

"Basi mimi nina bahati. Nusu zote zangu."

Bi Nambua alicheka, akamwinua kichwa, akamnywesha maji. Mzee Senkoro zamani alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Moyo ulimwangusha siku moja akiwa chini kabisa, amekaa kwenye kigoda anavaa viatu, na tangu hapo hakupanda tena hata kizingiti.

Hii ilikuwa Jamhuri ya Tulizana. Huwezi kuipata kwenye ramani, si kwa udogo wake, bali kwa sababu ramani zote ziko mezani kwa waziri zikingoja muhuri. Serikali yake ilikuwa na huruma nyingi mno, hata ikalazimika kuijengea huruma hiyo wizara: Wizara ya Kazi na Kutokuwa na Kazi. Wizara ilikuwa na orofa nyingi. Orofa za Kazi zilikuwa tupu, zikivuma upepo tu, na za Kutokuwa na Kazi zilijaa wafanyakazi mpaka wengine wakawekewa meza kwenye ngazi.

Wizara ilitoa Posho ya Wasio na Kazi. Sharti lake lilikuwa moja na halikuwa gumu: mtu awe hana kazi, na asiwe nayo kwa bidii na kwa moyo wote, mchana kutwa. Waziri, Mheshimiwa Daktari Chambulilo, alilieleza redioni kwa sauti yake nzito: "Ndugu wananchi, hatutamvumilia mtu anayekosa kazi kizembe, leo hana, kesho anayo. Mkosa kazi wa kweli hutambulika kwa utulivu wake."

Bi Nambua alikuwa na shida hapo. Yeye alikuwa mpishi wa shughuli. Pakiwa na harusi, au hitima, au mtoto wa mtu ametoka jando, huitwa, akaenda na mwiko wake mrefu begani kama askari, akapika sufuria ambazo mtoto angeweza kuogelea ndani. Akimaliza hufungiwa kitu kwenye kitambaa, akarudi nyumbani. Kisha hukaa. Huenda akaitwa kesho yake, huenda mwezi ukapita. Alichopata kilitosha mboga. Vidonge vilinunuliwa kwa posho, na bila posho hata kile kisu kisingekuwa na kitu cha kukata.

Naye, kwa kuwa mama yake alimlea hivyo, aliamua kusema kweli.

*

Kwenye dirisha la wizara alimkuta karani Sikitu, binti mwembamba aliyefunga sweta kiunoni. Binti huyo alipoona Bi Nambua amesimama kwa mguu mmoja akiupumzisha wa pili, alitoa kiti chake mwenyewe kwa mlango wa pembeni, akabaki kuandika amesimama.

"Mama, hapa pana mambo mawili tu," alisema Sikitu. "Una kazi, au huna."

"Ninayo nikiitwa, mwanangu."

"Na usipoitwa?"

"Nakaa na mzee."

"Sasa unaitwa saa ngapi?"

"Watu wakishakufa. Au wakishaoana. Saa wanachagua wao."

Sikitu aliuma kalamu, akaenda kumwuliza mkubwa wake, ambaye alimwuliza mkubwa wake, na jibu likateremka ngazi baada ya watu kula chakula cha mchana na kupumzika. Lilikuwa jibu zuri. Mtu mwenye saa za kazi zisizotabirika anaruhusiwa kupata posho, ilimradi azitabiri. Kabla mwezi haujaanza, ataje harusi zote na vifo vyote atakavyopikia.

"Vifo pia?" aliuliza Bi Nambua.

"Wamesema hata kwa makisio, mama."

"Yaani nikae hapa nimkisie mtu?"

"Labda wazee wazee tu," Sikitu alisema, akiona haya. "Wenye vikohozi."

Bi Nambua alifikiria Mtaa wa Mbigiri nyumba kwa nyumba. Alimwona fundi cherehani mwenye pumu, alimwona bibi kizee wa kona ambaye kila mwaka huaga watu na kila mwaka hubaki. Alimwona shoga yake Bi Chausiku, jirani wa ukuta mmoja, ambaye miguu ilikuwa imemvimba. Bi Chausiku ndiye aliyekuwa akimpelekea Mzee Senkoro uji kila Bi Nambua alipoitwa mbali. Aliuacha dirishani umefunikwa kwa kisahani, na juu ya kisahani akaweka jiwe ili paka asifunue, na hakutaka kushukuriwa. Ukimshukuru alisema uji ulibaki tu.

"Siwezi," alisema Bi Nambua. "Nikimtaja mtu halafu akafa, nitamwambia nini nikimkuta huko mbele?"

Sikitu alitazama nyuma, akatazama mbele, akainama akaandika haraka: Mtaa wa Mbigiri, mwezi huu, hakuna atakayekufa.

"Nimefanya hivyo ili upate dawa ya mzee," alinong'ona.

Bi Nambua alimshika mkono kupitia kile kidirisha. Hivyo ndivyo Mtaa wa Mbigiri ulivyopewa uzima na serikali, na wakazi wake hata hawakuambiwa.

*

Ili kuhakikisha watu hawana kazi, wizara ilikuwa na wakaguzi. Wa Mbigiri aliitwa Bwana Mwandoro, mgane wa makamo mwenye mkoba wa ngozi na viatu vilivyopigwa rangi hadi nyufa zikajificha. Kazi yake ilikuwa kunusa viganja. Wataalamu wa wizara walikuwa wamegundua kwamba kazi hukaa kwenye ngozi: mwashi hunuka saruji, fundi baiskeli hunuka grisi, na mpishi hunuka kitunguu siku tatu baada ya shughuli, hata akinawa kwa ndimu.

Mara ya kwanza alipokuja, Bi Nambua alimnyoshea viganja, naye akavinusa kwa adabu akiwa amefumba macho, kama mtu anayeombewa dua.

"Kitunguu," alisema kwa huzuni.

"Nimempikia mzee mchicha."

"Kitunguu cha mchicha au cha shughuli?"

"Nusu kitunguu, baba. Nusu nyingine ile pale."

Bwana Mwandoro aliinusa ile nusu pia, akalinganisha, akaridhika. Aligeuka aondoke, ndipo akamwona Mzee Senkoro amelala vibaya, shingo imepinda ukutani. Akaweka mkoba chini. Akamshika mgonjwa kwapani, akamgeuza polepole, akampangia mto.

"Umejifunzia wapi kumgeuza mtu hivyo?" aliuliza Mzee Senkoro.

"Marehemu mke wangu alilala muda mrefu."

Kisha Mzee Senkoro akasema, "Na wewe nipe viganja nivinuse." Akavinusa kweli. "Wino," alisema. "Pole sana, mwanangu. Wewe una kazi."

Tangu siku hiyo Bwana Mwandoro alikuja kukagua mara nyingi kuliko kanuni ilivyotaka. Akishanusa viganja alikaa kwenye kigoda, akamsomea mzee gazeti, na habari za waziri alizisoma kwa sauti ya waziri mpaka mgonjwa akamwomba aache, moyo usije ukamchezea kwa kicheko.

*

Bi Chausiku alifariki asubuhi, wakati watu wanachota maji. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Alikufa bila kibali, katika mwezi ambao serikali ilikuwa imekwisha kuandika kwamba hafi mtu.

Bi Nambua alilia mpaka khanga ikalowa. Alipomaliza kulia, Bwana Mwandoro alikuwa amesimama uani, kofia mkononi. Alikuwa ameletwa na msiba na kanuni kwa pamoja.

"Mama," alisema, "pole sana. Nimetumwa kukukumbusha jambo, nami naona aibu kulisema."

"Sema, baba."

"Msiba huu hukuutaja. Ukishika mwiko hapa, ni kazi ya kificho. Posho itakatika."

"Lakini hapa silipwi. Huyu ni jirani yangu."

"Kanuni inasema asiyelipwa ndiye mwenye kosa kubwa zaidi, kwa kuwa anafanya kazi na bado hana kazi."

Bi Nambua hakubishana. Alikwenda msibani akakaa mkekani na wanawake wenzake, viganja vimelazwa magotini vikitazama juu, ili yeyote atakaye kunusa anuse. Nyuma ya nyumba jiko la msiba lilikuwa limewashwa. Moshi ulikuja na harufu, na harufu ilimweleza kila kitu. Maji yalikuwa mengi. Moto ulikuwa upande mmoja. Wali ule ungekuwa uji chini na changarawe juu.

Mama Semdoe, mwuza mkaa, mwanamke mnene mwenye maneno, alikuja kutoka jikoni akifuta jasho.

"Nambua, umekaa na mikono kama bibi harusi anangoja hina. Wali unatushinda kule."

"Siwezi kuinuka, shoga."

"Nyonga?"

"Serikali."

Akawaeleza. Alieleza habari ya posho na vidonge na mwezi usio na kifo. Wanawake walisikiliza hadi mwisho, maana wengi wao walikuwa wanapokea posho hiyo hiyo, na kila mmoja alikuwa na kitu chake cha kufanya mara mojamoja. Mmoja alisuka nywele, mwingine alikaanga mihogo mvua isiponyesha. Walitazama viganja vyao.

Kisha binti wa marehemu alitoka ndani, macho yamevimba. Aliitwa Mwanakheri. Alipiga magoti mbele ya Bi Nambua.

"Shangazi," alisema, "sikulazimishi. Lakini juzi mama alikuwa anacheka, akasema, siku yangu ikifika, watu wasinilie wali mbichi, mwambieni Nambua."

Bi Nambua alitazama ukuta wa nyumba yake, ambao nyuma yake alilala Mzee Senkoro na kile kisahani cha vidonge. Akatazama dirisha ambapo uji huwekwa. Jiwe la Bi Chausiku lilikuwa bado pale.

Aliinuka. Magoti yalilia, naye akayaambia yangoje. Alitoa kuni upande huu akazipeleka ule, akapunguza maji kwa kata, akaweka makaa juu ya mfuniko, akakamua nazi, akatia tangawizi kwenye maharage kama alivyotia kila mara. Alipofunua sufuria, kila punje ilikuwa imesimama peke yake.

*

Mwanamume hawezi kwenda msibani akatoka bila kula, hata awe ametumwa na waziri. Bwana Mwandoro alipewa sahani. Alikula tonge la kwanza, akafunga macho. Alikuwa ameshakula mchicha wa mkono ule mara nyingi, kando ya kitanda cha mgonjwa, akisingizia kwamba anakagua. Aliijua ile tangawizi.

Alimaliza sahani yote. Akanawa. Akasimama, akafungua mkoba, akatoa kalamu.

"Kanuni inanitaka niulize. Nani kapika?"

Bi Nambua alifungua kinywa, lakini Mama Semdoe alimtangulia.

"Mimi," alisema.

"Mwongo huyo," alisema msusi. "Hata chai inamuungulia. Nimepika mimi."

"Kapika nani? Mie ndiye niliyepika," alisema mkaanga mihogo.

"Maharage ni yangu," ikasikika sauti ya bibi kizee wa kona, ambaye hakuwa ameshika chungu tangu meno yalipomtoka. Fundi cherehani alisema kwa pumu kwamba amekuna nazi. Wachimba kaburi, wamerudi na udongo miguuni, walisema wao ndio waliopika wali, tena kwa majembe. Hata Mwanakheri, katikati ya kilio chake, alitabasamu, akasema amepika yeye.

Bwana Mwandoro aliwatazama. Macho yake yalijaa, akajifanya moshi umemwingia. Akaona njia ya kumwokoa mama yule bila kusema uongo hata kidogo: aliandika walichosema, vile vile walivyosema. Kapika kila mtu. Aliporudi kwake jioni ile alitembea kwa furaha, kwa mara ya kwanza tangu afiwe.

Watu hawa walikuwa wema, na kosa lao lilikuwa hilo tu. Taarifa ilipanda ngazi za wizara meza kwa meza, mpaka ikamfikia Mheshimiwa Chambulilo, naye akaisoma akiwa amesimama.

Mtaa mzima kazini. Siku moja. Mahali pamoja.

*

Waziri alikuja Mbigiri na bendi, na utepe, na mkasi juu ya mto mwekundu. Wananchi walikusanywa uwanjani ambako turubai la msiba lilikuwa bado halijashushwa, na waziri, akiona turubai, alisifu maandalizi.

"Ndugu zangu," alisema, "wakati mataifa makubwa yanahangaika kutafuta ajira, mtaa huu mnyonge umeimaliza shida kwa sufuria mbili. Nani sasa atasema hakuna kazi Tulizana? Kuanzia leo natangaza kwamba Mbigiri hakuna mkosa kazi, na kwa kuwa hakuna mkosa kazi, hakuna haja ya kuwasumbua tena kwa posho. Furahini."

Bendi ilipiga. Waziri alikata utepe. Ulikuwa umefungwa kati ya mlango wa Bi Nambua na mlango wa marehemu, kwa sababu ndiko kulikokuwa na misumari.

Asubuhi yake Bi Nambua alikwenda dirishani. Sikitu alimpa kiti kama kawaida, lakini hakumtazama machoni.

"Mama, hujakatwa peke yako. Mtaa wote mmeajiriwa."

"Tumeajiriwa na nani, mwanangu?"

Sikitu alisoma. "Mwajiri: Chausiku binti Mbwera."

"Chausiku tumemzika."

"Wanajua. Wamesema kama mmeacha kazi, mwajiri aandike barua ya kuwaachisha, na aje kuweka dole gumba hapa mbele yangu." Sikitu aliishusha karatasi. "Nimewaambia amekufa. Wakaniambia mwezi ule Mbigiri hakufa mtu. Wakanionyesha mwandiko. Mwandiko wangu."

Alikuwa analia sasa. Bi Nambua alipitisha mkono kidirishani, akamfuta machozi kwa pembe ya khanga.

"Usilie. Ulitaka mzee apate dawa."

"Ndiyo, mama."

"Basi. Mimi nimekusikia."

Nyumbani alimkuta Mama Semdoe ameacha mfuko wa mkaa mlangoni, naye mwenyewe amekaa juu yake.

"Mwajiriwa mwenzangu," alisema Mama Semdoe, "nimekuletea mshahara."

"Nimewaponza wote, shoga."

"Wewe umetuponza? Mdomo ni wangu huu. Ningenyamaza, ungeponzeka peke yako, na hiyo ndiyo ingekuwa aibu." Akainuka, akajipangusa. "Ila wali ulikuwa wali. Chausiku kaenda vizuri."

*

Bi Nambua akaanza kukata vidonge mara nne. Kipande kikawa kidogo, mzee akadai anakinusa badala ya kukimeza, kama Bwana Mwandoro. Miguu yake ikaanza kuvimba. Harusi hazikufanyika, maana watu wa mtaa ulioajiriwa hawakuwa na cha kuolea.

Ikafika alfajiri moja nyumba ikawa kimya.

"Leo sijasikia kisu," alisema Mzee Senkoro.

"Kimelala," alisema Bi Nambua.

Mzee alinyosha mkono gizani akautafuta wa mkewe, akaushika mpaka kukapambazuka.

Siku hiyo hiyo mchana, hodi ilipigwa. Alikuwa Bwana Mwandoro, bila mkoba. Mkono ulioachwa na mkoba hakujua auweke wapi, kwa hiyo alikuwa ameushikisha machungwa ndani ya kitambaa.

"Karibu, baba," alisema Bi Nambua, akamnyoshea viganja kwa mazoea.

"Hapana, mama. Wamenipunguza. Kama mtaa hauna mkosa kazi, mkaguzi wa nini?"

"Si ukaombe posho?"

"Nilikwenda. Wameniambia nakaa kata moja na Mbigiri, na kata nzima haina tena mkosa kazi. Mimi ndiye niliyeandika." Alitazama sakafu. "Nimekuja kuomba radhi. Nilidhani nawasaidia."

"Tulidhani sote," alisema Bi Nambua. Alichukua machungwa, na kwa kuwa mgeni ni mgeni, akaenda kutia maji motoni, ingawa majani ya chai yalikuwa ya jana.

Bwana Mwandoro alikaa kwenye kigoda chake. Alimwona mgonjwa, akaona miguu. Aliyaona hayo zamani, kwenye kitanda kingine, na alijua yanakokwenda. Alimshika mzee kwapani, akamgeuza polepole, akampangia mto. Akamenya chungwa, akamlisha pande moja moja, akitoa kokwa kwanza. Hakukuwa na gazeti, kwa hiyo akatoa habari za kubuni, kwa sauti ya waziri, na Mzee Senkoro akacheka bila sauti, mabega tu.

Kivuli cha mlango kilipofika kitandani, Bwana Mwandoro aliaga. Mzee Senkoro alimshika kiganja, akakivuta puani, akakinusa kwa muda mrefu.

"Chungwa," alisema. "Wino umetoka."

"Umetoka, mzee."

"Basi uje tena, mwanangu. Sasa huna mtu wa kumwomba ruhusa."

"Nitakuja."

Mzee hakumwachia mkono. Alitazama mlangoni, ambako Bi Nambua alikuwa amesimama na birika, kisha akamvuta mgeni karibu, mkewe asisikie.

"Uje upesi. Usingoje kuitwa."